Folda si shahidi
Na Shomari Mwinyimkuu

Fundi kapita ofisini Ijumaa jioni kupanga upya diski. Jumatatu folda ya mishahara inaonyesha tarehe mpya, na kabla ya chai ya saa nne karani wa uhasibu ameshaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Akijitetea kwamba ni difragimenti, anaambiwa anajificha nyuma ya fundi.

Wote wawili wanaonewa. Kwenye Windows inayotumia mfumo wa NTFS, difragimenti hukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski na kuviweka pamoja. Mahali pa kuhifadhia ndipo panapobadilika. Jina, yaliyomo na tarehe vinabaki vilevile. Programu inayonakili faili kisha kufuta la zamani, hiyo ni habari nyingine: nakala hupewa tarehe mpya ya kuundwa, na folda nayo huhesabu kuwa imeguswa.

Kwa sababu tarehe ya folda hufuata orodha ya vilivyomo. Ongeza faili, lifute au libadilishe jina, tarehe inasogea. Lakini mtu akiingia ndani ya faili na kubadili tarakimu papo hapo, folda inaweza kubaki na tarehe ya mwaka jana. Sasa fungua hati ya Word, isome tu, uifunge. Word huweka kando yake faili dogo lililofichwa, jina lake likianza na ~$, kisha hulifuta ukimaliza. Hujaandika hata nukta, na folda imepata tarehe ya leo! Aliyesoma anaonekana, aliyechezea hesabu haonekani.

Kinachowapumbaza wakubwa, nadhani, ni ule usahihi. NTFS huhesabu muda kwa vipimo vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601. Saa ikiwa kali kiasi hicho, nani atauliza imepima nini?

Kamati ya nidhamu inayotaka kujua nani anagusa mishahara imwagize msimamizi wa kompyuta awashe ukaguzi kwenye folda hiyo. Windows ina uwezo wa kuandika jina la mtumiaji na saa kila faili linapofunguliwa au kubadilishwa, ila haifanyi hivyo mpaka iamriwe, na ya nyuma haiwezi kuyarudisha. Karani aachwe aendelee na kazi yake.