Ukimwona Binti Mnadani, Useme Nini?

Kijana mmoja wa Tarime ameniuliza hivi: "Mzee, nilikwenda mnadani Mugumu nikamwona binti mzuri. Moyo ulinipiga, mdomo ukafunga. Wenzangu wakampigia mluzi, naye akaondoka kwa hasira. Je, ningesema nini?"

Mwanangu, swali lako ni jema, ingawa wazee wengi huona haya kulijibu.

Kwanza ni salamu. Mluzi ni wa kuitia mbwa. Msogelee mchana, mbele ya watu. Usimzibie njia wala usimshike mkono. Sema, "Habari za hapa, dada?" kisha ngoja. Akijibu huku anakwenda zake, umekwisha kujibiwa, mwache aende. Akisimama, zungumza habari za mahali mlipo: bei ya mahindi, mvua, ubovu wa njia. Usianze kwa kuusifu uso wake. Uso wake anaujua; asichokijua ni wewe u mtu gani.

Pili, jitaje wewe kwanza. Wala usidhani kwamba jina moja linatosha. Kwetu Ukuryani majina ni machache na watu ni wengi. Ukiita "Chacha!" mnadani, watageuka wanaume wengi, ukiita "Bhoke!" ni vivyo hivyo kwa wanawake. Basi taja jina la baba yako, kijiji chako na ukoo wako, ndipo umwulize yeye.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata. Nilipokuwa kijana nilizungumza na Bhoke mmoja jioni tatu, akitoka kuteka maji. Siku ya nne nikamweleza mama. Mama akauliza, "Bhoke wa nani?" Nikanyamaza. Alipokwisha kuulizauliza, tukajua ya kuwa babu yake na babu yangu ni wa mlango mmoja, na ndugu wa ukoo mmoja hawaoani. Binti yule aliumia, nami nikaumia, kwa ajili ya swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza.

Tatu, uliza kama anasoma. Usitazame kimo chake. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Akikwambia anasoma, mtakie heri katika masomo, nawe ushike njia yako.

Sasa neno kwenu, wazazi. Msimpige binti kwa sababu ameitikia salamu barabarani. Mfundisheni kujibu kwa adabu, na kukataa kwa adabu pia. Ng'ombe wa mahari, hata wakijaa zizi, hawawezi kusema "nakubali" badala yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka bwana na bibi wote wawili wakubali kwa hiari, na Kanisa lafundisha kwamba ndoa ya kulazimishwa si ndoa. Binti asiyeruhusiwa kumjibu mgeni mnadani, atapata wapi sauti ya kusema "sitaki" mbele ya baba zake?

Basi, mwanangu, mnada utakuwapo tena. Nenda ukamsalimu. Akikujibu vizuri, mweleze mama yako siku hiyo hiyo. Usingoje ya nne.