Punda aliyeokolewa atalishwa na nani?

Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke. Methali hii imefunzwa madarasani miaka nenda miaka rudi, na aghalabu mwalimu huitumia kumkanya mwanafunzi asiyejua fadhila. Lakini tukiitazama hali ya punda nchini mwetu kwa jicho la haki, hatuna budi kukiri kwamba aliyepiga mateke si punda bali ni binadamu.

Huko Lamu, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kupita. Abebaye mchanga, saruji na mawe ya kujengea ni punda. Katika sehemu kame za Machakos na Kitui, ni yeye aletaye maji nyumbani. Na malipo yake yalikuwa nini? Kuanzia mwaka wa 2016, machinjio manne yalipewa idhini ya kumchinja, na ngozi yake ikasafirishwa hadi Uchina, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Ripoti ya KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, ilionyesha mwaka wa 2019 kuwa punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kwa muda usiotimia miaka mitatu. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hata mwanafunzi wa darasa la nne aweza kuikamilisha hesabu hiyo.

Isitoshe, wezi wa punda walizuka. Akina mama walioamka alfajiri na kukuta zizi tupu walirejea kujitwika mitungi migongoni.

Mwezi wa Februari 2020, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bw. Peter Munya, aliipiga marufuku biashara hiyo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitangua marufuku yenyewe. Mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuikomesha barani kote. Hayo ni mambo ya wakubwa. Swali langu ni dogo, lakini ni zito: punda anayeokolewa leo kutoka mikononi mwa mwizi, au aliyetupwa barabarani kwa uzee na vidonda, kesho atakula nini?

Wengi wetu hudhani kuokoa ni tendo la siku moja. La, hasha! Punda akitunzwa vyema aweza kuishi miaka 30. Siku zote hizo ahitaji majani makavu, maji safi, dawa ya minyoo na mtu wa kumpunguza kwato. Kituo cha kuwatibu punda kilichofunguliwa Lamu mwaka wa 1987 kilianzishwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Tunawashukuru wahisani hao. Hata hivyo, msaada utokao mbali waweza kukatika siku tusiyoijua, ilhali punda hana habari ya bajeti za watu. Yeye hula kila siku.

Ndiyo maana napendekeza kwamba shule zetu zianzishe biashara ndogo za kazi za mikono kwa ajili ya wanyama hawa. Ufundi tunao. Pwani tunasuka miyaa na ukindu. Mikeka, makanda na shogi, ule mfuko mkubwa unaoning'inizwa mgongoni mwa punda, zote ni kazi za vidole vyetu. Bara tunasuka viondo vya mkonge. Na chombo cha kuwaunganisha vijana tunacho pia: vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa mwaka wa 1962 na kufufuliwa mwaka wa 2021.

Tuchukue mfano. Ikiwa kila kiondo kitaacha faida ya shilingi 200, na chama kiuze viondo 15 kwa mwezi, kitapata shilingi 3,000. Si utajiri, lakini ni majani na dawa. Mwanafunzi atakuwa amejifunza hesabu, ufundi na utu kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, nina masharti. Kwanza, kiondo kiwe kizuri. Mnunuzi akinunua kwa kuhurumia tu, hatarudi mara ya pili. Pili, daftari la mapato na matumizi liwe wazi ukutani, kwani fedha za sadaka zisizo na hesabu huliwa na wenye meno kabla ya punda. Tatu, idadi ya wanyama isizidi uwezo wa mfuko. Kuokoa kumi na kuwashindisha njaa ni ukatili mwingine.

Yamkini msomaji atauliza: mbona tuhangaikie punda ilhali wapo watoto wanaolala njaa? Jibu ni kwamba mtoto huyo ndiye aendaye kuteka maji punda akitoweka, na akichelewa mtoni huchelewa shuleni. Mwingine atasema kuwa viondo haviwezi kuzuia biashara ya ngozi. Ni kweli. Hiyo ni kazi ya sheria, na Sura ya 360 ya Sheria za Kenya tayari yakataza kuwatesa wanyama. Lakini sheria humwadhibu mwenye kutesa, haimlishi aliyeteswa.

Walimu wenzangu, tumewafunza vijana vya kutosha kuhusu shukrani ya punda. Sasa tuwafunze shukrani kwa punda, na somo hilo lianze kwa kusuka.