Watazamaji na Wanyama wa Visiwa vya Uingereza

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuzungumzia malezi, chakula na unyumba. Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kimeketi sebuleni mwa wengi wetu kama mmoja wa jamaa, nacho ni televisheni. Na katika mengi yaonyeshwayo humo, tuchague vipindi vya wanyama, kwa kuwa hivyo baba, mama, watoto na hata bibi huweza kuvitazama pamoja pasipo mmoja wao kuinuka kwa haya.

Wenye umri watakumbuka kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ilhali wenzetu wa Zanzibar waliipata mapema katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mtu wa Uyui alimwona tembo kwa macho yake mwenyewe au hakumwona kabisa. Siku hizi mtoto wa Isikizya aweza kumwona dubu wa barafu kabla hajamwona palahala wa pori la mkoa wake.

Mwezi Machi mwaka 2023, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha mfululizo wa vipindi vitano uitwao Wild Isles, unaohusu viumbe wa porini wa Visiwa vya Uingereza. Msimulizi wake ni David Attenborough, mzee aliyezaliwa mwaka 1926, ambaye sauti yake inajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Kipindi cha kwanza ni utangulizi. Vinne vinavyofuata vinahusu misitu, nyanda za majani, maji baridi na bahari. Hapa Isikizya mfululizo huo umetazamwa katika nyumba ya jamaa mmoja, jioni baada ya jioni, na watazamaji hawakukosa maneno. Maneno hayo ndiyo niliyokusudia kukuletea, kwa sababu yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Vijana ndio waliotangulia kutoa hukumu. Walikubali kwamba nyangumi wauaji wakiwasaka sili huko Shetland ni jambo la kusisimua, na kwamba tai mwenye mkia mweupe ni ndege wa kutisha. Lakini zaidi ya hayo waliona nini? Kalunguyeye, mbweha, sungura, vipepeo na maua. Walisema kwamba nchi isiyo na simba wala tembo haina haki ya kuwachosha watu kwa vipindi vitano.

Mzee mmoja aliyewahi kutundika mizinga ya nyuki katika miombo kwa miaka mingi hakucheka. Aliuliza swali moja tu: wakubwa wao wamekwenda wapi? Swali hilo, ndugu msomaji, ni zito. Uingereza ilikuwa na dubu, na mbwa mwitu, na paka mkubwa wa msituni aitwaye linksi. Wote walitoweka karne nyingi zilizopita kwa kuwindwa na kwa kukatiwa misitu. Yule mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa meno na kujenga bwawa, biva, alimalizwa katika karne ya 16 kwa ajili ya ngozi yake na mafuta yake. Kundi la kwanza lililoruhusiwa kurudi porini lilifunguliwa Knapdale, Uskoti, mwaka 2009. Hata tai yule aliyewafurahisha vijana, wa mwisho katika ukoo wake alipigwa risasi Shetland mwaka 1918. Wanaoonekana leo ni kizazi cha ndege walioanza kuletwa kutoka Norwei mwaka 1975. Na nyanda zile za maua, inakadiriwa kwamba 97 katika kila 100 zilizokuwako katika miaka ya 1930 zimekwisha limwa au kuharibiwa.

Basi kamera inapomkaribia kalunguyeye kwa upole namna ile, si kwamba Waingereza hawajui ukubwa. Wanatazama waliobaki.

Mwalimu mmoja naye alieleza habari iliyoandikwa sana magazetini kwao. Pamoja na vile vipindi vitano palikuwa na filamu nyingine iliyohusu uharibifu wa mazingira na namna ya kuurekebisha, nayo ikawekwa kwenye mtandao tu. Gazeti moja la London lilidai kwamba BBC iliogopa ghadhabu ya watu fulani. BBC ilikanusha, ikasema kuwa filamu hiyo haikuwa kamwe sehemu ya mfululizo. Mimi sitaamua kesi ya wenyewe. Ninachotaka tukione ni kwamba huko pia watu wagombana juu ya lipi lionyeshwe: uzuri peke yake, au uzuri pamoja na sababu za kupungua kwake.

Tusidhani kwamba Unyamwezi iko mbali na kesi hiyo. Njia kuu ya misafara ilipita Tabora ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na mababu wa wengi wetu walisifika kwa kubeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi kadhaa. Kutoka Unguja pembe hizo zilisafirishwa hadi Bombay, Marekani na London, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Walioziuza na walionunua wote walikuwa na sababu zao, na tembo akapungua. Wala si habari ya kale tu. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Ile ya mwaka 2014 ikaonyesha takriban 43,000. Miaka mitano tu, ndugu msomaji, na sisi sote tukiwa hai na redio zetu zikisema.

Na kuna jambo lisilohitaji bunduki. Tumbaku ya mvuke, ambayo imewasomesha watoto wengi wa mkoa huu, hukaushwa kwa moto, na moto huo hula kuni za miombo. Miombo hiyo hiyo ndiyo inayotupa asali iliyoupa mkoa wa Tabora jina. Kwa hiyo mkulima mmoja aweza kuwa na bani la tumbaku upande huu wa nyumba na mizinga upande ule, mkono wa kulia ukikata kinachotafutwa na wa kushoto. Simlaumu, maana ada ya shule haingoji. Lakini hesabu hiyo apasa kuifanya yeye na jamaa yake wakiwa wameketi pamoja, na kupanda miti kuwe sehemu ya gharama ya shamba, si sherehe ya siku moja ya mwaka.

Neno lililonigusa zaidi lilitoka kwa mama mmoja ambaye alikaa kimya vipindi vyote vitano. Alisema kwamba ni rahisi kumpenda mnyama asiyekuja shambani. Kalunguyeye hali mahindi, na katika Uingereza yote hakuna mama anayekesha akipiga debe kufukuza tembo. Kwetu, sheria inatambua kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Na majina yenyewe yanakiri kwamba hayo si fidia kamili. Mama huyo hakusema wanyama wauawe. Alisema kwamba mwenye kuwasifu awe tayari kugawana hasara na jirani yao.

Naona kwamba ana haki. Tangu Azimio la Arusha la wanyamapori la mwaka 1961, taifa letu limetamka kwamba wanyama hawa ni amana. Mwaka 2019 pori la akiba la Mto Ugalla lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Amana huwa na gharama, na gharama hiyo isiachiwe kijiji kimoja kilicho mpakani.

Hata hivyo vijana nao wasiondoke bila kitu. Wale waliodharau ndege wadogo wamtazame mbayuwayu. Mwezi Mei mwaka 1911, mwanasheria mmoja aitwaye John Masefield alimvika mbayuwayu pete mguuni nyumbani kwake Staffordshire, Uingereza. Mwezi Desemba mwaka 1912 ndege huyo alikamatwa Natal, kusini mwa Afrika. Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwa mara ya kwanza mahali ambapo mbayuwayu wa Uingereza hukaa majira ya baridi ya kwao. Ndege mwenye uzito wa gramu zipatazo 20 huvuka bahari na jangwa kila mwaka, kwenda na kurudi. Yeye si wa Ulaya peke yake wala si wetu peke yetu. Akikosa wadudu kwa sababu ya sumu mashambani upande mmoja, pande zote mbili humkosa.

Nimalizie kwa shauri kwa wazazi. Mnapotazama vipindi vya namna hii, msiviache vizungumze peke yake. Mwambieni mtoto kwamba sauti nyingi anazosikia, kama hatua za mnyama aliye mbali, aghalabu hutiwa baadaye na mafundi, na kwamba dakika moja ya picha huenda imengojewa kwa majuma. Kisha mzimeni huyo mgeni, na mwulizeni mtoto majina ya viumbe kumi wa pori la kwenu, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Akishindwa, mpelekeni kwa babu yake kabla babu hajaondoka na majina hayo. Waingereza leo wanatumia fedha nyingi kurudisha mnyama mmoja mmoja waliyemmaliza wao wenyewe. Sisi bado tunao, na kuwatunza kunagharimu pungufu ya kuwarudisha.