Muuguzi Mmoja, Wodi Nzima, Usiku Kucha

Miaka michache iliyopita alinijia ofisini muuguzi wa hospitali moja ya umma, mkono wake ukiwa bado umefungwa bendeji. Majuma mawili yaliyotangulia alikuwa katika zamu ya usiku, peke yake, katika wodi yenye wagonjwa zaidi ya thelathini. Alipokuwa akimhudumia mmoja, mwingine alizidiwa upande wa pili. Alipomfikia, roho ilikuwa imekwisha kutoka. Jamaa za marehemu wakamgeuzia yeye uchungu wao. Bawabu wa pekee alikuwa langoni, asisikie lolote.

Hata hivyo, hakuja kushtaki waliompiga. Alikuja na barua ya mwajiri wake, iliyomtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kumwacha mgonjwa bila uangalizi.

Nimeitafakari barua ile mara nyingi. Waliopanga kwamba muuguzi mmoja atoshe kwa roho thelathini hawakuandikiwa barua yoyote. Hoja yangu ni hii: upweke wa muuguzi usiku si kudra. Ni uamuzi uliofanywa mchana, na watu wenye vyeo, mezani penye bajeti.

Wala si uamuzi ulioachwa huru na sheria. Katiba ya mwaka 2010, iliyozaliwa na mapambano yaliyokifuta kifungu cha 2A mwaka 1991, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa katika Kifungu cha 41, na kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa katika Kifungu cha 43. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa kulinda usalama wa wote wafanyao kazi humo. Inaagiza pawe na kamati ya usalama palipo na wafanyakazi ishirini au zaidi. Tena inasema kwamba mfanyakazi aliyeripoti hatari kubwa inayomkabili asilazimishwe kurudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Ni hospitali ngapi ambazo wauguzi wake wa usiku wamepata kukisikia kifungu hicho?

Yuko atakayesema kwamba ninatia chumvi. Na akumbuke mwaka 2025, ambapo wagonjwa wawili, kwa nyakati mbalimbali, waliuawa wakiwa wamelazwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ikiwa muuaji aweza kufika kitandani katika hospitali kubwa kuliko zote nchini, ni nini kinachomkinga muuguzi anayevuka ua wenye giza, katika hospitali ndogo ya wilayani, kwenda kutafuta damu au dawa? Usalama wa muuguzi na usalama wa mgonjwa ni kitu kimoja. Macho yaliyochoka hayasomi vyema kipimo cha dawa, na mkono unaotetemeka hujidunga sindano iliyokwisha kutumika.

Wakuu wa kaunti, waliokabidhiwa huduma nyingi za afya tangu mwaka 2013, wana jibu moja: fedha hazipo, na kanuni zimeweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara. Kikomo hicho kipo kweli. Lakini kanuni haikusema kwamba wa kupunguzwa awe muuguzi, naye msaidizi wa kisiasa wa mkubwa aongezwe. Wala haiwezi kusemwa kwamba wauguzi hawapatikani. Mwaka 2021 serikali yetu ilitia saini mapatano ya kuwapeleka wauguzi Uingereza, kwa hoja kwamba wako waliohitimu na hawana kazi. Basi wapo, ila wodi zetu haziwaoni.

Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai mkataba wao wa pamoja. Wengi wetu tuliwalaumu kwa ukali, kwa kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni wachache waliouliza usiku wao ulikuwaje kabla ya mgomo.

Tufanye nini? Kwanza, kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti bungeni mwake kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Tuhudhurie vikao hivyo na swali moja: usiku wa leo, kila wodi ina wauguzi wangapi na walinzi wangapi? Tudai idadi hiyo ibandikwe mlangoni pa kila wodi, ionekane na wote. Pili, wauguzi wadai kamati zao za usalama, na waandike kila tukio siku lilipotukia, kwani mahakamani neno lisiloandikwa ni jepesi. Tatu, nawageukia ndugu zangu wa makanisa. Hospitali nyingi nchini ni zenu, na waumini wenu huketi katika bodi zake. Hatuwezi kuihubiria serikali haki mchana, kisha usiku tumwache dada yetu peke yake katika wodi iliyo chini ya msalaba.

Muuguzi yule tulimtetea, barua ile ikaondolewa katika faili yake. Aliporudi kazini alipangiwa wodi ile ile, zamu ile ile, peke yake. Kesi tulishinda, usiku haukubadilika. Kuubadilisha si kazi ya wakili mmoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.