Kabati Lenye Kufuli si Maktaba

Ndugu Waislamu, neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa amri ya kusoma. Leo ingieni katika maktaba za skuli zetu: kabati zina kufuli, na vitabu vilivyomo vinasomwa na mchwa!

Wanafunzi wakiomba kubadilishana vitabu huambiwa, "Vitapotea." Je, kisichosomwa hakijapotea? Katika Suratul Maauun Mwenyezi Mungu amewalaumu wanaozuia vitu vya kuazimana. Ibn Masud (R.A.) alivieleza kuwa ni kama ndoo na chungu. Ikiwa kuzuia chungu ni aibu, kuzuia elimu je?

Wengine husema yataingia maandishi machafu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni mwalimu kuvikagua vitabu kabla havijapokewa.

Basi na lipangwe jambo hili kwa sharia. Vitabu vya wakfu visibadilishwe. Hivyo ni vya kuazimwa na kurudishwa. Mtoto alete chake mwenyewe, kwa idhini ya mzazi, maana mtoto hana mamlaka ya kutoa mali yake. Apewe cheti, achague kingine. Na asiye na kitabu? Mwenye uwezo alete viwili, kimoja kiwe sadaka, ili maskini asirudi mikono mitupu mbele ya wenziwe.

Walimu wenzangu, funguo hizo ni amana. Kesho tutaulizwa tulimfungulia nani.