Nyumbani Nako Kukaguliwe

Katika vikao vya familia mjini Lubumbashi, sentensi moja hufunga mjadala kabla haujafunguliwa: "Mwafrika hamtupi mzazi wake." Akishaitamka baba mkubwa, hakuna tena anayethubutu kuuliza mama anaoga mara ngapi kwa juma, nani analala chumbani kwake, dawa za presha anapewa na nani, wala kwa nini mlango wake umetiwa komeo upande wa nje. Mama yuko nyumbani, basi yuko salama. Kikao kinaendelea na mambo mengine: parseli (kiwanja cha nyumba), mahari, mchango wa msiba.

Imani hiyo inapendeza masikioni, na inaua.

Mzizi wake ni mwema. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 yenyewe inasema, katika kifungu cha 40, kwamba watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Kifungu cha 49 kinaongeza kwamba mtu mzee ana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Watu wameshika kifungu cha kwanza na kukiacha cha pili. Wanaamini kwamba kumlaza mzee chini ya paa la mwanawe tayari ni kumtunza. Paa halimwogeshi mtu, wala halimzuii kutoka saa tisa za usiku kwenda kutafuta nyumba iliyobomolewa miaka 40 iliyopita.

Maana hapa hazungumziwi mzee anayeumwa magoti. Anazungumziwa mzee ambaye kumbukumbu imemtoka: anayeuliza swali lile lile mara kumi kabla ya chakula, anayemwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa, anayeficha pesa chini ya godoro kisha anamshtaki mjukuu kwa wizi. Madaktari huita hali hiyo demensia, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikubwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Wanaodhani ni maradhi ya Wazungu wasome takwimu za majirani. Watafiti walipopima wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji ya Bangui na Brazzaville, walikuta demensia kwa asilimia 8.1 upande wa kwanza na asilimia 6.7 upande wa pili. Wilayani Hai, Tanzania, kando ya Kilimanjaro, kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, ilikuwa asilimia 6.4. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Katanga, eneo la Lubumbashi, imesamehewa.

Lubumbashi ina hata sababu ya kujiandaa kuliko miji mingine. Mwaka 2003 kampuni ya madini ya Gécamines, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, iliwaaga wafanyakazi 10,655 waliokuwa na miaka 25 ya kazi au zaidi. Iliitwa kuondoka kwa hiari. Waliopokea malipo yao siku zile wakiwa na umri wa makamo, leo wako kwenye miaka ya sabini na themanini. Kampuni iliyokuwa ikiwapa hospitali, shule na unga wa bukari (ugali) haiko tena nyuma yao. Kilichobaki ni watoto, na wengi wa watoto hao wanahangaika na maisha katika mitaa ya Kamalondo, Katuba, Ruashi, au wako Ndola, Johannesburg na Brussels, wakituma pesa kwa simu.

Sasa itazamwe nyumba yenyewe, ile inayosifiwa kuwa kimbilio.

Mzee anayeamka usiku, anayeongea peke yake, anayemtazama mtoto mchanga kwa muda mrefu bila kusema neno, hupewa jina lingine kabla ya jina la ugonjwa. Huitwa mlozi. Na anayeanza kumwita hivyo, mara nyingi, ni mtu anayekula naye sahani moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu familia za Kongo-Brazzaville ulieleza jinsi wenye demensia wanavyotazamwa na ndugu wanaowatunza, na jinsi baadhi yao wanavyoishia mbele ya mahakama ya kimila kwa tuhuma za uchawi. Na katika Kongo ya Lubumbashi yenyewe, mkoani Kivu Kusini, katika mwezi mmoja wa Septemba 2021, wanawake wanane waliotuhumiwa uchawi waliripotiwa kuuawa. Tuhuma kama hizo hupikwa ndani: mtoto kaugua, biashara imeanguka, nabii wa kanisa la uamsho kaulizwa, naye kasema adui yuko ndani ya nyumba. Bibi aliyesahau jina lake mwenyewe atajitetea vipi? Wapo wanaokiri, kwa sababu anayeuliza anauliza kwa ukali na wao wanataka amani tu.

Hata pasipo tuhuma, kuna uzembe unaovaa kanzu ya mapenzi. "Ni uzee," wanasema, na kwa maneno hayo mawili wanamnyima mgonjwa vipimo. Kuchanganyikiwa kwa mzee kunaweza kutokana na malaria, na maambukizi ya mkojo, na upungufu wa vitamini B12, na tezi ya shingo isiyofanya kazi, na kaswende ya zamani iliyofika kwenye ubongo, na damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka bafuni. Kuna hata pelagra, inayowapata watu wanaoishi kwa mahindi bila mboga, samaki wala karanga: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inapotea. Mengi ya haya yana tiba, na yakiwahiwa mtu anaweza kurudi katika akili zake. Anayekaa Kasenga, kwenye ukingo wa Luapula, yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka kwa madaktari bingwa wa Lubumbashi, na safari hiyo ni ghali. Lakini kipimo cha malaria na cha mkojo si lazima kisubiri Lubumbashi. Kinachokosekana ni mtu wa familia wa kusema kwamba badiliko hili limeanza juzi, kwa hiyo haliwezi kuwa uzee.

Watetezi wa imani ya zamani wana jibu, nalo lina uzito. Wanataja Kenya. Mwaka 2023 waandishi wa BBC Africa Eye waliingia kwa siri katika kituo cha wazee cha Thogoto, karibu na Nairobi, wakarekodi wazee wakitendewa ukatili na watu waliolipwa kuwatunza. Picha zile ziliwatia watu uchungu mpaka Kongo. "Mnaona?" wakasema. "Huko ndiko mnakotaka kuwapeleka mama zetu?"

Uchungu huo ni wa haki. Lakini ukatili wa Thogoto ulijulikana kwa sababu kituo kina lango ambalo mgeni anaweza kupita, kina zamu, kina mkuu wa kuulizwa, kina watu wanaoweza kuitwa mbele ya serikali. Chumba cha nyuma katika parseli ya mtaa wa Kampemba, Lubumbashi, hakina lolote kati ya hayo. Anayempiga mzee mle hana mkuu wa kazi, na jirani akisikia kilio ataambiwa hayo ni mambo ya familia. Vituo hutiliwa shaka, nyumba huaminiwa. Mzee mwenye demensia anaweza kuumizwa katika vyote viwili.

Lubumbashi inalo somo hili limeandikwa kwenye kibao, ingawa wengi hupita bila kulisoma. Kituo cha magonjwa ya akili cha mji huo, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, kinaitwa Joseph Guislain. Guislain, aliyeishi kuanzia 1797 hadi 1860, alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji. Katika nchi yake kulikuwa na mji wa Geel, uliosifika tangu Enzi za Kati kwa desturi ya familia za kawaida kupokea wagonjwa wa akili na kuishi nao mezani na shambani. Hakuna mahali pengine Ulaya palipofanana zaidi na ile picha ya nyumba ya Kiafrika inayompokea kila mtu. Guislain hakulewa na sifa hizo. Geel wakati ule walikuwapo wagonjwa waliofungwa minyororo ndani ya nyumba hizo hizo zilizosifiwa kwa ukarimu, na usimamizi wa madaktari ulikuwa hafifu. Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1850, iliyotokana kwa sehemu kubwa na fikra zake, iliuweka mji ule chini ya usimamizi wa dola na wa madaktari. Familia hazikunyang'anywa wageni wao. Ziliendelea kuwapokea, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia idadi ya wagonjwa waliokaa na familia ilipita 3,500. Hadi leo familia za Geel zinapokea wagonjwa, hospitali ikiwa nyuma yao.

Desturi ya Geel ilidumu kwa kukubali kutazamwa. Familia ya Lubumbashi inaweza kukubali hivyo hivyo bila kusubiri sheria.

Mtoto aliye Brussels anapopiga simu, huambiwa, "Mama anaendelea vizuri." Asikubali jibu hilo. Angekuwa anachagua kituo cha kulipia, angeuliza mengi: usiku kuna wahudumu wangapi, mgonjwa akikataa kuoga wanafanya nini, wanatumia dawa za usingizi kumnyamazisha au la. Angefika bila kutoa taarifa, saa ya chakula, aone kama anayeshindwa kushika kijiko analishwa au sahani inawekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa imejaa. Angenusa hewa ya vyumba. Maswali hayo hayo yaulizwe kuhusu nyumba ya kaka yake. Mama ameanguka mara ngapi tangu Pasaka? Vitenge vyake vinamfunga sawa au vimekuwa vikubwa? Jiko la makaa linakaa wapi yeye akiwa peke yake? Anapotoka na kupotea, majirani wa barabara wanajua wamrudishe wapi? Macho na masikio yake yamepimwa lini, maana asiyesikia huonekana kapotewa na akili kuliko alivyo? Simu ya video imwonyeshe mama mwenyewe, miguu yake na mgongo wake, na atumwe mtu asiye wa nyumba ile kumtembelea mchana wa siku ya kazi.

Kaka atakasirika. Aachwe akasirike, kisha aulizwe swali ambalo vikao havimuulizi kamwe: anayefanya kazi hii ni nani hasa?

Karibu kila mara si yeye. Ni mke wake, au mjukuu wa kike aliyeletwa kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na minne na kuambiwa atasoma, kisha shule ikasahaulika. Shirika la Afya Duniani linasema ndugu na jamaa wanaowatunza wenye demensia hutumia wastani wa saa 5 kwa siku, na kwamba asilimia 70 ya saa za utunzaji hutolewa na wanawake. Binti huyo hajafundishwa kwamba mgonjwa akisema anakwenda kazini habishiwi, anasindikizwa hadi langoni na kurudishwa polepole. Hajui kwamba jioni ndiyo saa mbaya zaidi kwa baadhi yao. Halali. Halipwi. Akimfinya mzee siku moja kwa uchovu, lawama yote itamwangukia yeye, na wakubwa waliomwachia mzigo watashangaa kwa sauti. Pesa za diaspora, badala ya kuishia kwenye mabati mapya ya nyumba, zingemlipa mshahara na kumtafutia mtu wa kumpokea siku mbili kwa juma.

Kwa familia nyingine hata hilo halitoshi, na hapo hospisi, yaani kituo cha wazee, inayoendeshwa vizuri ni tendo la upendo, bila haja ya kuomba radhi kwa mtu. Kati ya nyumba na hospisi kuna pia njia ya tatu ambayo Katanga inaimudu. Huko Hai, Tanzania, wenye demensia walikutanishwa katika vikundi vidogo kwa vipindi 14 ndani ya majuma saba, wakizungumza, wakiimba, wakipanga vitu na kukumbuka mambo ya ujana. Waliohudhuria walionyesha nafuu katika uwezo wa akili na katika wasiwasi. Ukumbi wa parokia siku za kazi uko tupu, viti vipo, na wazee waliofanya kazi mgodini pamoja wanakumbuka nyimbo ambazo watoto wao hawazijui.

Serikali ya mkoa nayo ina njia ya kufika nyumbani bila kujenga chochote. Kampeni za chanjo ya polio zinapofanyika Haut-Katanga, wahamasishaji wa zoni za afya hupita parseli kwa parseli, Lubumbashi na Kasenga, wakiuliza kuna watoto wangapi wa chini ya miaka mitano na kuandika chaki mlangoni. Wanafunguliwa hata pale ambapo polisi hafunguliwi. Waongezewe maswali mawili: je, humu ndani kuna mzee anayesahau, na je, wanaweza kumsalimia? Anayekataliwa kusalimiwa aandikwe, na muuguzi wa zoni arudi kwake ndani ya juma hilo.