Mgodi Uko Kwetu, Karatasi Ziko Wapi?



Kila mwisho wa mwezi ninamtumia mama yangu dola 50 kijijini. Mtu wa kibanda cha feza ananiuliza jina langu, jina la mama na namba ya simu. Anakata malipo yake, ananipa namba ya siri, na mama anapata. Sikatai. Feza ikifanya safari, inapashwa kuacha alama njiani.

Lakini mimi ni karani wa mgodi, na kazi ya karani ni kuuliza. Ikiwa dola 50 za mama zinaulizwa hivi, namna gani feza za kununua mgodi wa shaba zinaweza kupita juu ya vichwa vyetu bila sisi kuulizwa neno?

Tuangalie jambo moja lililotokea kweli. Mwezi wa tano wa mwaka wa 2016, Freeport-McMoRan, kompani ya Marekani, ilitangaza kwamba inauza sehemu yake ya Tenke Fungurume kwa China Molybdenum, kompani ya China. Bei ilikuwa dola miliari 2,65. Miliari moja ni milioni elfu moja, ndugu. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule, mambo yakamalizika.

Wengi walizani kwamba mgodi wenyewe uliuzwa. Hapana. Kilichouzwa ni hisa. Hisa ni sehemu ya mtu katika kompani. Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti: anachagua wakubwa wa kazi, na faida ikigawanywa anachukua fungu lake. Kompani ya mgodi ilikuwa na wenyewe wawili. Gécamines, yaani inchi yetu, ilikuwa na hisa 20 kwa 100. Hisa 80 zilikuwa za TF Holdings, kompani iliyoandikwa kisiwani Bermuda, mahali pasipo shimo hata moja la shaba. Freeport ilikuwa na 70 kwa 100 za kompani ile ya kisiwani. Fanya hesabu: 70 kwa 100 za zile 80 ni 56. Kwa hiyo mtu aliyenunua karatasi za Bermuda alipata 56 kwa 100 za mgodi wa Fungurume bila kugusa udongo wake.

Na feza zinasafiri namna gani? Hazibebwi ndani ya sanduku. Benki ya mnunuzi inapunguza hesabu yake, benki ya mwuzaji inaongeza hesabu yake, na dola kwa kawaida zinapitia mabenki ya New York. Halafu katika kitabu cha kompani jina moja linafutwa, lingine linaandikwa. Basi. Wachimbaji wanaingia kazini saa ileile, malori yanapita njia ileile, lakini bwana amebadilika.

Nani aliulizwa? Wenye hisa wa China Molybdenum waliulizwa. Serikali ya China iliulizwa, maana kule kompani haiwezi kutoa feza nyingi inje kununua hisa pasipo ruhusa. Gécamines ililalamika kwamba ilikuwa na haki ya kujulishwa na kununua mbele ya wengine. Freeport ikajibu kwamba inauza hisa za kompani ya inje, si hisa za mgodi. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 2017 walipatana, na Gécamines ikapewa dola milioni 100. Weka milioni 100 kando ya milioni 2.650, uone: hazifiki 4 kwa 100.

Mtu atasema: Wewe karani, unataka kufukuza feza za wageni? Bila hizo mashini zitatoka wapi? Ninajibu: tutenganishe vitu viwili. Kompani ikitoa hisa mpya na kuziuza, feza zinaingia ndani ya kazi, nazo zinanunua mashini. Lakini mwenye hisa za zamani akimwuzia mwingine, feza zinatoka mfukoni mwa mmoja na kuingia mfukoni mwa mwingine. Hazinunui hata koleo moja. Ni kweli China Molybdenum ilikuja kupanua mgodi baadaye. Hizo zilikuwa feza nyingine. Zile miliari 2,65 zilikwenda kwa Freeport, ambayo ilikuwa na madeni mengi ya kulipa. Tusiimbiwe wimbo wa maendeleo kwa feza ambazo hazikukanyaga hapa.

Wazee wetu waliona mambo haya mbele yetu. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya hisa za inchi ilishikwa na Comité Spécial du Katanga, ambayo serikali ilikuwa na sauti kubwa ndani yake. Mwezi wa sita wa mwaka wa 1960, siku chache tu mbele ya uhuru, Wabelgiji waliivunja Comité ile na kugawanya hisa zake. Bendera ilipopandishwa tarehe 30, sauti ile ilikuwa imekwisha kupungua. Mwaka wa 1965 Bwana Tshombe alirudi kutoka Bruxelles na mkoba wenye karatasi za hisa, akauonyesha kwa watu nao wakashangilia. Lakini kiti cha kompani kilibaki Bruxelles. Serikali ilipotaka kihamie Kinshasa, Union Minière ilikataa, na mwanzoni mwa mwaka wa 1967 mali yake yote ya Congo ikachukuliwa na kompani mpya ya serikali. Hapo tunajifunza neno moja: kuwa na karatasi ni kitu, kukaa mahali ambapo karatasi zinasemewa ni kitu kingine.

Sisemi kwamba hatukusogea. Sheria ya migodi ya mwaka wa 2018 iliongeza hisa za bure za serikali kutoka 5 hadi 10 kwa 100, ikaweka pia kodi juu ya faida ya kuuza hisa. Mwaka wa 2024 Chemaf ilipatana kuuzwa kwa Norin Mining ya China. Gécamines haikukubali, na mwaka wa 2025 mapatano yale yakavunjika. Kumbe mlango unaweza kufungwa, mwenye nyumba akiwa macho!

Kwa hiyo tunapashwa kudai mambo matatu. Kwanza, mtu akiuza kompani ya kisiwani yenye kushika mgodi wetu, ahesabiwe kuwa ameuza mgodi: aombe ruhusa hapa, alipe kodi hapa. Pili, kila mapatano ya namna hii yatangazwe yote, pamoja na bei na jina la mwenyewe wa mwisho. Tatu, feza zinazoingia kwa Gécamines, kama zile milioni 100, zionyeshwe kwa watu zimefanya kazi gani. Maana tukidai hesabu kwa mgeni na kumwachia ndugu yetu afiche daftari, tumejidanganya wenyewe.

Na wewe kijana unayesoma shule, usijifunze kuendesha lori la mgodi tu. Jifunze kusoma kitabu cha hesabu na karatasi ya hisa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Shaba yetu imekwisha kupotea hivyo mara nyingi. Safari ijayo, ikiuzwa, sharti daftari liwe mezani petu.

Karani wa mgodi, Katanga